SOMO LA AFYA: MISIMU YA MWAKA, SISI NA WANYAMA WETU



Ndugu wanafunzi, katika fiqhi tunaanza na mlango wa tohara, na humo tunakutana na maji, paka, mbwa na nyamafu kabla hatujafika kwenye Swala. Mara nyingi tunazihifadhi hukumu zake kwa ajili ya mtihani, kisha tunazifungia daftarini. Somo hili linavitazama vitu hivyo hivyo kwa upande wa afya, kwa kuwa sisi wa Kibaha na Kisarawe hatuishi peke yetu. Kuku wako uani, paka yuko jikoni, mbuzi wawili watatu wamefungwa chini ya mkorosho. Na ukienda mashambani, upande wa Maneromango au Mzenga, utakuta na mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe pori. Wanyama hawa wananyeshewa mvua ile ile inayotunyeshea sisi, na wanaumwa na mbu wale wale.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kinga ina wakati wake, na wakati huo karibu siku zote huwa kabla ya msimu. Wengi wetu tunanunua chandarua tukishaugua, na tunauliza habari za chanjo ya kuku banda likiwa limebaki tupu. Kwa hiyo tutaufuata mwaka kama unavyokwenda hapa kwetu pwani: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na joto la kaskazi linaloshika baada yake mpaka masika yarudi.

MASIKA: MAJI YALIYOTUAMA

Mvua za masika zinapokolea, kila kifuu, gurudumu bovu, kopo na sufuria iliyotoboka huwa kisima cha mbu. Mbu wa malaria tunamfahamu, huuma usiku, na dawa yake ya kwanza ni chandarua chenye viuatilifu. Lakini yupo mwingine mwenye madoadoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana. Huyu ndiye aletaye homa ya dengi, iliyowasumbua jirani zetu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yeye hapendi dimbwi la tope. Hupenda maji safi katika vyombo vidogo, na hapa ndipo wanyama wetu wanapoingia, kwa sababu chombo kidogo chenye maji safi kinachokaa uani siku nyingi bila kuguswa ni kile cha kunyweshea kuku na paka.

Mayai ya mbu huyu hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi. Sugua chombo kwa brashi au kumbi la nazi, ndani pande zote, angalau mara moja kwa wiki, maana kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kiasi cha siku saba hadi kumi. Kazi hii mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Kwa madimbwi makubwa yasiyomwagika ipo dawa inayotengenezwa hapa hapa Kibaha. Kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kilizinduliwa mwaka 2015. Dawa yake ni bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu majini, wala haiwadhuru watu, kuku wala ng'ombe wanaokunywa maji hayo.

Aidha, madimbwi yana hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Mwezi Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, ulizuka ugonjwa uliowatia watu hofu kwa kuwa wagonjwa walikuwa na homa, kichwa kikali, uchovu na wengine kutoka damu puani. Wagonjwa 20 walitambuliwa na watatu walifariki. Uchunguzi ulionyesha ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria waliomo katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Mkojo ukiingia katika maji au tope, bakteria huingia mwilini kupitia jeraha, hata mchubuko, au kupitia macho na kinywa. Mwenye kidonda mguuni asipite kwenye maji yaliyotuama bila viatu vya mpira, na chakula cha watu na cha kuku kifunikwe ili panya wasikikojolee. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa za kawaida za hospitali mtu akiwahi. Ila homa yake inafanana na malaria, basi ukipimwa ukaambiwa huna malaria na homa ikaendelea, mwambie daktari kama ulikuwa unashinda kwenye maji au na mifugo.

Kuhusu kuhara sitasema mengi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi umekwisha kutufundisha kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni. Anayehara anywe maji ya ORS, na ikiwa pakiti hazipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visivyo na kilima, wakati anapelekwa kituoni.

MBUZI WA IDI NA MVUA

Kalenda yetu ya Kiislamu huenda na mwezi, hivyo Idi ya kuchinja hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Hesabu mwenyewe utaona kwamba miaka inayofuata inaingia ndani ya Mei, kisha Aprili, yaani katikati ya masika. Jambo hili linataka uangalifu, kwa sababu ya ugonjwa uitwao Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi. Virusi vyake hujificha katika mayai ya mbu yaliyomo ardhini, kwenye mabonde yanayojaa maji mara chache. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ikinyesha, mabonde hufurika, mayai huanguliwa kwa wingi, na mbu huanza kuuma mifugo. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2006. Kati ya Januari na Juni 2007 watu 309 waliugua hapa Tanzania na 144 walifariki. Dodoma iliumia zaidi ya mikoa yote, na Morogoro, jirani yetu, haikusalimika.

Mtu huupata kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kumchinja, kumchuna au kumsaidia kuzaa, na pia kwa maziwa mabichi. Dalili yake kubwa katika zizi ni mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao wachanga kufa kwa wingi. Ukiona hivyo, usichinje kwa kuokoa nyama. Mwite afisa mifugo wa kata.

Wanunuzi wa mbuzi wa Idi katika mnada wa Pugu, au kwa wafugaji wa bonde la Ruvu, wajue kuwa sharti la kisheria la mnyama asiye na kasoro linaafikiana kabisa na afya. Mbuzi mwenye kamasi, anayehara, asiyekula au aliyejitenga, mwache. Anayechinja na wanaochuna wasiwe na vidonda mikononi visivyofunikwa, na watoto wasichezee damu, kama tunavyowaona kila Idi wakikimbilia. Nyama ipikwe iive na maziwa yachemshwe. Chanjo ya mifugo ya ugonjwa huu ipo, lakini hutolewa kabla mlipuko haujaanza. Kuchanja kundi ambalo limekwisha kuingiliwa, kwa sindano moja inayopita mnyama hadi mnyama, kunaweza kuusambaza ugonjwa.

KIPUPWE: KUKU NA KIDERI

Mvua zikikatika na upepo wa kusi ukaleta ubaridi wa asubuhi, watoto hupata mafua na kikohozi. Wakulima wa korosho nao huanza kupuliza salfa, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, kupambana na ubwiriunga. Unga huo hupulizwa alfajiri umande ukiwa bado majanini, saa ile ile wanafunzi wanapopita njiani. Unawasha macho na kifua, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Zunguka njia nyingine ukisikia mashine. Nyumbani, funikeni maji na ondoeni kuku na mbuzi chini ya mikorosho mpaka vumbi litulie.

Lakini msiba mkubwa wa miezi hii ya ukavu ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Kila mtoto wa kijijini ameuona. Jana kuku walikuwa thelathini, leo wanazubaa wameshusha mabawa, wanaharisha kijani, wengine wanapinda shingo na kuzunguka, na baada ya wiki wamebaki wawili. Kwa mama anayelipa ada, daftari na mafuta ya taa kwa mayai na jogoo, hilo ni pigo la mwaka mzima. Ugonjwa huu hauna dawa. Vidonge vya binadamu wanavyosagiwa kuku, pilipili, majivu na mwarobaini, hakuna hata kimoja kinachoua kirusi cha kideri. Kinachofanya kazi ni chanjo.

Nayo chanjo iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Taasisi ya chanjo za mifugo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari iko Kibaha, na miongoni mwa chanjo inazotengeneza ni ya mdondo, ya kimeta, ya chambavu na ya ugonjwa wa kutupa mimba. Ile ya mdondo inatokana na mbegu iitwayo I-2, iliyopatikana Australia kwa kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake, ambao walitafuta chanjo inayostahimili joto ili ifike vijijini kusikokuwa na jokofu. Kustahimili huko kuna mpaka. Usiiache juani, ifunge kwa kitambaa kibichi, iweke kivulini, na chupa iliyokwisha kuchanganywa itumike kama lebo inavyoelekeza.

Dozi ni tone moja katika jicho moja la kuku, awe kifaranga au jogoo. Subiri apepese jicho ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Wanaochanjwa ni wazima tu, kwani aliyekwisha kuambukizwa hataponywa na tone hilo, na mwenye kuku atasema chanjo imeua. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo nyumba kadhaa za mtaa mmoja zichange, zichanje siku moja, jioni kuku wanapoingia bandani. Mwezi Juni 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ya miaka mitano, na mdondo wa kuku umo. Mwulizeni afisa mifugo zamu ya kata yenu ni lini.

Kuku waliokufa tumefundishwa kuwa ni nyamafu, hawaliwi. Kiafya pia wasitupwe jalalani, ambako mbwa na kunguru watawasambaza. Wafukiwe chini sana au wachomwe, na aliyewashika anawe kabla ya kugusa macho, maana kirusi hiki, japo hakimuui mtu, huweza kumvimbisha macho. Kuku uliyemnunua gulioni mtenge wiki mbili kabla hujamchanganya na wenzake.

KABLA YA VULI: MBWA

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ningependa isomwe mara mbili, na wakubwa wasomewe nyumbani.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, yaani kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuweweseka, hakuna hospitali duniani yenye tiba ya uhakika. Karibu wote hufa. Hata hivyo kati ya kuumwa na kuugua hupita kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi, na katika nafasi hiyo chanjo humwokoa mtu. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885 huko Ufaransa. Siku aliyofariki, 28 Septemba, imekuwa siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, na wanafunzi wa madrasa wanatembea alfajiri na magharibi, saa ambazo mbwa wa ulinzi wamefunguliwa.

Mwanafunzi mwenzangu, hukumu ya chombo alichoramba mbwa unaijua: mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya tohara. Jeraha la meno ya mbwa lina uoshaji wake, ambao ni maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mara tu baada ya kuumwa, hata kama ni mkwaruzo. Sabuni huharibu kirusi. Wala usilipake jeraha hilo udongo, kahawa, mafuta ya taa, pilipili au majani, kwani vyote hivyo hulichafua. Baada ya kuosha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama kituo cha karibu hakina chanjo, waulize ipo wapi, na usirudi nyumbani kusubiri. Walio Kibaha wanayo Tumbi, walio Kisarawe wanayo hospitali ya wilaya. Sindano huwa zaidi ya moja, kila moja na tarehe yake, na jeraha kubwa huweza kuhitaji dawa nyingine ya kinga inayodungwa penye jeraha lenyewe. Anayeacha katikati kwa kuwa jeraha limepona amejidanganya, kwani kirusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni huku ngozi ikiwa imefunga vizuri.

Hapa nitasema wazi jambo ambalo wengine huliogopa. Wapo wanaomleta mtoto aliyeumwa na mbwa kwa ustadhi asomewe na anyweshwe kombe, kisha wanarudi nyumbani wameridhika. Kusomewa ni kheri, wala sikatazi. Lakini ustadhi mwenye elimu amwulize mzazi kwanza: "Mmeshaosha kwa sabuni? Mmeshapata sindano?" Kama bado, dua isomwe njiani kuelekea hospitali.

Aliyeng'ata, ikiwa anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na kirusi mateni wakati wa kung'ata. Akifa au akibadilika tabia, apewe taarifa afisa mifugo, na mtu asimguse kwa mikono mitupu. Mtu aliyeumwa asingoje siku hizo kumi ndipo aanze sindano. Na si mbwa tu, hata paka na mbweha hupata ugonjwa huu.

Dawa ya shina ni kumchanja mbwa mwenyewe kila mwaka. Mbwa saba katika kumi wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kati ya 2010 na 2015 mkoa wetu wa Pwani ulikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi. Mradi huo ulikuwa na mwisho, na mbwa waliopo leo wamezaliwa baadaye. Tatizo letu lingine ni la aibu. Mwislamu anaye mbwa wa kulinda shamba, jambo ambalo sheria imeliruhusu, lakini anaona haya kuonekana kwenye uwanja wa chanjo ameshika kamba. Basi mbwa wake hachanjwi, na ndiye atakayemng'ata mtoto wa jirani. Mshike kwa kamba ndefu, mpeleke, rudi ukafue na kuoga. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, mtaalamu ataamua.

Wewe ukikutana na mbwa usiyemjua, usikimbie wala usimtupie jiwe. Simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho, kisha rudi nyuma taratibu. Akikuangusha, jikunje na ufunike uso na shingo kwa mikono.

PAKA, FUNZA NA JOTO LA KASKAZI

Paka ni katika wanaotuzunguka majumbani, na mabaki ya maji yake hayana najisi. Kinyesi chake ni jambo jingine. Hufukia mchangani, na mvua za vuli zikilowesha mchanga ule, minyoo yake hupenya miguu ya watoto peku na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi. Mchanga wa kuchezea ufunikwe usiku. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka, amwachie mtu mwingine, kwa sababu kuna vijidudu ndani yake vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ukavu ukirudi na vumbi, hurudi funza. Huyu anagawana makazi kati ya mbwa, paka, mbuzi na sisi, na sakafu ya udongo ndiyo nyumba yake. Madrasa zetu tunavua viatu na kukaa mikekani, kwa hiyo sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiliwa na mikeka ianikwe juani. Kagueni na nyayo za paka wa nyumbani. Tabia ya pini moja kutoboa funza watoto kumi iachwe kabisa, maana hupitisha magonjwa ya damu na pepopunda.

Miaka hii Ramadhani inaangukia katika joto la kaskazi. Mwenye kufunga agawe maji kidogo kidogo kati ya futari na daku, asiyanywe yote kwa mkupuo. Na kuku hafungi! Kuku hatoki jasho, hupoa kwa kupumua mdomo wazi, na akikosa maji na kivuli mchana mmoja mkali anaweza kufa. Sungura ni hivyo hivyo. Katika nyumba ambayo wote wamelala kungoja adhana ya magharibi, apangwe mtoto wa kuwabadilishia maji saa sita na saa tisa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kumwaga maji ya chombo cha kuku hakutoshi kuzuia mbu wa dengi?
2. Taja dalili mbili za zizini zitakazokufanya uahirishe kuchinja na kumwita afisa mifugo.
3. Eleza tofauti ya kuosha chombo alichoramba mbwa na kuosha jeraha la mbwa.
4. Mtaani kwenu kuna kuku wangapi na mbwa wangapi? Wangapi kati yao wamechanjwa mwaka huu? Andika hesabu hiyo na umletee mwalimu wako.